Mwinuko wa Ipogolo na Chupa ya Mafuta ya Nazi

Kwetu Pangani hakuna mwenye shaka juu ya nani mtawala wa nyumba: wanaume husema ni mume, na wanawake huitikia kwamba naam, ni mume, kisha huenda zao jikoni wakaendelea kutawala. Mimi niliyeolewa Ipogolo, chini ya kilima ambacho juu yake umekaa mji wa Iringa, nimepata elimu nyingine kabisa juu ya jambo hilo, nayo ni kwamba nyumba yetu haitawaliwi na mume wangu, wala na mimi, wala na mavyaa wangu ambaye wengi humdhania, bali hutawaliwa na mwinuko wa nchi juu ya bahari. Kwetu mwinuko huo ni mdogo hata mtu hawezi kujisifu kwao. Hapa, penye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na mto Ruaha Mdogo upitao jirani, tuko zaidi ya mita 1,400 juu ya mawimbi, ilhali kila sharti la upishi, la mapambo na la unyumba nililofunzwa katika usichana wangu lilitungwa na watu waliokuwa wakisikia bahari wakiwa kitandani.

Tuanze na udi. Somo yangu, bibi mwenye adhama ambaye hakuna bibi harusi wa mtaa wetu aliyeingia ndani bila ya kupita mikononi mwake, alinifunza kwamba mke mwenye kuujua wajibu wake huuteka moyo wa mume kwa harufu kabla hajauteka kwa maneno. Kwamba baada ya magharibi atie makaa katika chetezo, atupie vipande vya udi, azifukize nguo na matandiko, na mume akiingia akute nyumba nzima inamkaribisha. Niliyafuata hayo yote kwa ikhlasi usiku mmoja wa mwezi wa Juni, mwezi ambao baridi ya Iringa hushuka usiku hata karibu na digrii 10, na mtu akisema neno nje huliona likitoka kinywani. Mume wangu aliingia, akakiona chetezo kikifuka, uso wake ukakunjuka kwa furaha ambayo somo yangu angalijivunia, akavuta kigoda, akaketi karibu kabisa, akanyoosha viganja vyake vyote viwili juu ya udi wangu wa thamani, kisha akaniuliza kwa upole kama haiwezekani kuongeza makaa. Alipoona nimenyamaza alidhani nimekubali, akavua viatu ili nyayo nazo zipate fungu lao, na baada ya kitambo harufu ya udi na harufu ya soksi zilizoshinda kazini zikafunga ndoa ambayo hakuna kadhi angeweza kuivunja.

(Hapa niseme neno moja bila ya mzaha: makaa hayalali chumbani pamoja na watu, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, hata baridi iwe kali namna gani, kwa sababu hewa ya sumu itokayo humo haina harufu ya kumwamsha mtu. Chetezo chetu hutolewa uani kabla hatujalala, mume wangu akikisindikiza kwa macho.)

Mapambo nayo yalipatwa na msiba wake. Khanga, ambayo imevaliwa na mama zetu wa pwani tangu karne ya kumi na tisa, ni vazi lililokusudiwa upepo wa baharini, si upepo huu ushukao vilimani kama mdai. Nami nilikuja na sanduku zima, kikiwemo kisutu changu cha harusi. Kufika mwezi wa Mei nikawa navaa khanga, juu yake gauni zito, juu ya gauni sweta la mtumba lililofumwa Ulaya kwa ajili ya mtu mwenye mikono mirefu kuliko ya binadamu wa kawaida, na juu ya yote hayo kitenge cha kujitanda. Miguuni niliona haya kuvaa viatu vya kufunika ndani ya nyumba, kwa hiyo nikavaa soksi pamoja na kandambili, jambo ambalo haliwezekani mpaka soksi ilazimishwe kuingia kati ya kidole gumba na mwenziwe, na ikiisha kulazimishwa hairudi tena katika umbo alilolikusudia mfumaji. Lakini hasara kubwa haikuwa ya uzuri. Kwetu khanga husema kwa niaba ya aliyeivaa. Jirani aliyekuudhi hupata jibu lake kamili unapopita mbele ya mlango wake, nawe hukufungua kinywa wala hakuna shahidi wa ugomvi. Hapa khanga zangu, zikiwa zimefunikwa na sweta, huwa bubu tangu Mei mpaka Agosti, na imenibidi nijifunze ukubwani kugombana kwa mdomo wangu mwenyewe, kazi ambayo wanawake wa Ipogolo waliianza mapema na wamenipita mbali.

Maharage nitayasimulia kwa ufupi kwa sababu kidonda hakijapona. Mume wangu aliwaalika wenzake wa kazini waje kula baada ya adhuhuri, nami nikaazimia kuwapikia maharage ya nazi ya kwetu, kwa maharage mazuri ya Mbeya na nazi ambazo ndugu yangu alinitumia kwa basi, safari ya kadiri ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, zikapanda mlima wa Kitonga salama na kufika huku mbili kati yake zikiwa zimechacha. Niliyabandika asubuhi kwa saa zile zile zinazotosha Pangani. Sasa, maji ya pwani huchemka yakifika digrii 100, lakini kadiri mtu apandavyo, hewa inayoyakandamiza hupungua uzito, nayo maji hupata rukhsa ya kuchemka mapema, hata hapa kwetu hutokota karibu na digrii 95. Mpishi asiyejua huona sufuria inafoka na povu linamwagika, akadhani kazi inakwenda mbio, kumbe ni makelele matupu na maharage yamekaa ndani yakisikiliza. Wageni walikuja kwa wakati. Walizungumza habari za mpira, wakamaliza. Wakazungumza bei ya mbolea, wakamaliza. Wakaanza kuisifu harufu itokayo jikoni, kwanza kwa adabu, halafu kwa majonzi. Mume wangu alikuwa akija mlangoni na kuondoka bila kuuliza neno, na hilo likaniumiza kuliko kama angaliuliza.

Hapo akaingia mavyaa wangu. Alitoa harage moja kwa mwiko, akalibinya kwa vidole, likamponyoka na kugonga ukuta.

“Mwanangu, haya uliyabandika lini?”

“Asubuhi, mama.”

“Ungeyaloweka jana.”

Wageni walikula taa zikiwa zimewashwa, na mmoja wao aliponiaga alisema kwamba hajapata kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa chakula kama alivyomshukuru siku ile. Nimeamua kuyachukua maneno yake kuwa sifa.

Lakini hayo yote ni madogo yakilinganishwa na chupa ya mafuta ya nazi, na kabla sijaieleza sina budi kumweleza mavyaa wangu. Ni mwanamke wa Kihehe mwenye maneno machache, akikuamkia “kamwene” hukutazama machoni mpaka umejibu kwa ukamilifu. Ni Mkristo wa dhati, ilhali mwanawe ambaye ni mume wangu alifuata Uislamu wa marehemu baba yake, na watu wa nyumba hiyo wamekaa na dini mbili kwa amani ambayo ningependa mataifa yaje yaione. Nyuma ya nyumba yake hufugwa nguruwe. Ninapokwenda kumtazama hunipikia katika sufuria ambayo ameitenga kwa ajili yangu peke yangu, ameifunga utepe mwekundu mkononi, na ole wake mjukuu atakayeigusa.

Mafuta ya nazi nililetewa kutoka kwetu ndani ya chupa ya mdomo mpana, kwa ajili ya nywele na mwili, yakiwa meupe ya kung’aa kama maji. Mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi, kiasi ambacho Pangani hatukifikirii kuwa ni baridi, na kwa hiyo sikupata kuyaona yameganda kwa ukaidi namna ile. Ipogolo, kuingia Juni, niliamka nikayakuta ni jiwe: meupe, mazito, yamenyamaza. Nilichokifanya kilikuwa cha busara kabisa. Niliifunga chupa kwa khanga mbili, nikaitia katikati ya nguo ndani ya sanduku langu, chini kabisa, ipate joto.

Siku chache baadaye mavyaa alikuja kutafuta sindano na uzi nami sikuwapo. Alifungua sanduku. Akafungua khanga ya kwanza, akafungua ya pili, akaona chupa ya mafuta meupe yaliyoganda, ya aina ambayo yeye huijua tangu utoto wake kwa kuwa huiyeyusha mwenyewe kila anapochinja, yamefichwa na mwali wa Kiislamu kutoka pwani chini ya kisutu chake cha harusi. Akayafunga kama alivyoyakuta. Hakuniambia neno, wala hakumwambia mtu.

Mimi niliona tu kwamba ameanza kunipenda zaidi. Alinitazama kwa shufaka ambayo sikuielewa. Tulipokuwa katika karamu ya ubarikio wa mpwa wake, sinia la nyama lilipita, nikasema kwa adabu, “Ahsante, mama, mimi hiyo situmii,” naye akanipapasa goti akasema, “Najua, mwanangu, najua,” kisha akanikonyeza. Nilirudi nyumbani nikimwuliza mume wangu kama mama yake ana maradhi ya jicho.

Ukaja Oktoba, ukaja Novemba, joto likarudi kabla ya mvua, na chupa yangu ambayo sasa ilikuwa juu ya meza ikayeyuka ikawa maji safi. Mavyaa aliitazama muda mrefu siku hiyo. Mkesha wa Noeli alikuja peke yake, akafunga mlango kwa komeo, akatoa chini ya kitenge chake kopo lililofunikwa kwa karatasi ya gazeti, akalitia mikononi mwangu.

“Nimeona yako yamekwisha,” akaninong’oneza. “Hata mwanangu asijue. Mwanamke ana haki ya kitu chake kidogo.”

Nilifunua, nikaona weupe, nikanusa, na mara ile miezi yote tangu Juni ikanipangikia kichwani pamoja na kila konyezo lake. Somo yangu alinifunza namna ya kupokea hidaya ya dhahabu, ya hariri na ya ubani. Kwa mafuta ya nguruwe yatolewayo kwa mapenzi hakuacha wasia. Lakini kwetu hidaya haikataliwi mbele ya uso wa mtoaji, na mwanamke yule alikuwa amebeba siri ya dhambi yangu kwa nusu mwaka bila ya kuipunguza thamani yangu hata kidogo. Nikapiga goti. Nikasema, “Ahsante sana, mama,” na sauti ilinitetemeka kwa sababu zaidi ya moja.

Mume wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akaushika ukuta, kisha akawa mkavu ghafula. Kumweleza mama ukweli, alisema, ni kumwambia kwamba huruma yake yote ilikuwa juu ya chupa ya mafuta ya nywele, naye ataona haya mpaka aache kuja. Tukakubaliana kunyamaza. Usiku alilichukua kopo akalipeleka kwa jirani yetu wa upande wa barabara, ambaye hana katazo, akampa kuwa zawadi ya sikukuu.

Jirani ni mtu wa shukurani. Asubuhi ya Noeli alituletea sinia la maandazi ya moto, yamefura vizuri, yamepata rangi, yamefunikwa kwa kitambaa cheupe, akasimama kungoja tuonje. Mume wangu alimwambia kwamba tumekwisha kunywa chai, jambo ambalo birika lililokuwa likichemka nyuma yake lililikanusha. Jirani alipokwenda zake tukabaki tunayatazama, na bado tulikuwa tukiyatazama mavyaa alipobisha hodi. Nilimkaribisha, nikamwekea sinia mbele yake. Alikula andazi moja, akalitafuna polepole huku akinitazama; akala la pili; akasema kwamba watu wa pwani kweli wanajua maandazi. Mwanawe alipogeuka kumimina chai, akanikonyeza.

Juni ilipofika tena chupa yangu iliganda, na safari hii niliiacha pale pale mezani. Mavyaa aliichungulia, akaiinua, akapima kwa jicho kiasi kilichobaki, akairudisha taratibu mahali pake, kisha nikamsikia uani akimwambia mwanawe kwamba ashukuru sana, maana amepata mke asiyefuja.