Namba Baada ya Amina

Mhubiri wa daladala ana heri kuliko Paulo. Yule mtume alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila, wakashona mahema pamoja. Maskini, hakujua kwamba Injili yenyewe ni mtaji. Huyu wetu hupandia Gongo la Mboto, huanza kulia machozi Ukonga, na kabla hatujafika Tazara ameshaona jini begani kwa mama mwenye kikapu. Kumwona ni bure. Kumtoa ndiko kwenye mbegu: elfu tano, pamoja na kichupa cha mafuta ya upako, ambayo kwa harufu ningeapa ni alizeti ya Singida, ila mimi si mtaalamu wa mambo ya rohoni.

Mstari wa Biblia aliusoma mara moja, mbiombio. Namba ya kumtumia pesa aliisoma mara tatu, tarakimu kwa tarakimu.

Simoni wa Samaria alifokewa na Petro kwa kutaka kununua kipawa cha Roho. Bahati mbaya tu, alikaa upande wa wanunuzi.

Mama alishuka Buguruni na jini wake. Konda, ambaye sijawahi kumsikia akihubiri, alimrudishia chenji yote.