Kiporo cha Kutengenezwa

Shikamoo Shangazi, na salamu kwa wote hapo Ngamiani. Mimi mzima, nashiba, na kanzu zimeanza kunibana.

Mwenye nyumba wangu hapa Durban ni bibi wa Kiingereza, na Jumatatu bila kiporo kwake si Jumatatu. Kabichi na viazi ulaya vilivyolala tangu Jumapili anaviponda pamoja, anavikandamiza kwenye kikaango mpaka chini pakauke na kuiva rangi ya kahawia, kama ule ukoko tuliokuwa tukiupigania jikoni kwako. Wenyewe wanakiita bubble and squeak, kwa kelele zake kikiwa motoni. Kimo hata vitabuni: Bi Maria Rundell alikiandika mwaka 1806, enzi hizo kikiwa nyama ya ng'ombe na kabichi. Nyama ikaja kutoka, viazi vikaingia, na mgao wa chakula wa Vita Kuu ya Pili ukaifungia nyama mlango. Kaida yao ni kukikaanga kwa mafuta ya yule mnyama nisiyemtaja. Mimi nimetengewa kikaango changu, usiwe na wasiwasi.

Sisi kiporo tunakila asubuhi na chai, na mgeni akibisha hodi sahani inaingia uvunguni. Wao wanakiweka kwenye menyu na kukutoza hela!

Sasa tuna mpangaji mwenzetu, mtoto wa Bukavu, asiyejua kubakiza. Jumapili usiku sufuria ilikuwa inang'aa. Bibi akanuna, kisha akanituma Warwick Junction nikanunue kabichi mbichi, ichemshwe, ipoe, ilale, ndipo iwe kiporo.

Shangazi, Warwick ungeipenda. Mabasi, teksi, treni, watu kama siku ya mnada. Juu ya daraja la barabara kuu ambalo halikumalizwa wamekaa waganga na mizizi yao. Chini, akina mama wanachemsha vichwa vya ng'ombe, na visu vyao havisamehe shavu wala ulimi. Soko la mboga, Early Morning Market, lipo tangu 1910. Mwaka 2009 wakubwa walitaka kulivunja wajenge duka kubwa la kisasa. Wachuuzi wakagoma, na soko bado lipo.

Mama mmoja wa Kizulu akaniuliza kabichi yote ile ya nini. Nikamweleza.

"Hau! Unainunua ikiwa mpya ili uifanye kuukuu?"

"Ndiyo, mama."

"Nenda kamwambie nimuuzie ya juzi. Bei ile ile."

Nilipofika nyumbani nikamsimulia bibi kuhusu wali wetu wa nazi uliolala. Macho yakamtoka. Anataka kuupika, ila anadai vipimo: nazi gramu ngapi, na wali ulale saa ngapi hasa. Niandikie upesi. Na utuelekeze pa kuificha sufuria, maana Mkongo ameshasikia.

Wako mtiifu.