Risiti Namba 0002

Arubuni ni fedha anayoitanguliza mnunuzi ili muuzaji asimpe mwingine kitu walichokwishapatana, na si ajabu kwamba katika sikio la Mswahili neno hilo linakaa jirani mno na kitenzi kurubuni, yaani kumhadaa mtu kwa maneno matamu. Kabla ya kuitoa, mlipaji huwa mtulivu, hucheka na wakala na kukubali soda. Akishaitoa hugeuka mpelelezi, na upelelezi wake huanza siku ileile ambayo hauwezi tena kumfaa kitu. Ugonjwa huu huwa mkali zaidi katika safari za familia, kwa kuwa msafiri wa peke yake akitapeliwa hunyamaza, lakini baba aliyekwishamtangazia mke, watoto wanne na mama mkwe kwamba sikukuu italiwa kisiwani hana pa kuificha aibu yake.

Mfano wa kutosha unatoka pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana na Mtwara, katika miaka ya kabla ya Oktoba 2017, yalipoanza mashambulizi ya Mocímboa da Praia na wasiwasi wa barabara za huko ukawa wa aina nyingine, usio na mzaha. Familia moja ya Mtwara ilikuwa imepanga kwenda Ibo, kisiwa cha funguvisiwa la Kirimba chenye ngome ya Wareno ya mwaka 1791 iliyojengwa kwa umbo la nyota, ikalipa arubuni kwa kampuni ya safari ambayo ofisi yake ilikuwa meza moja, kalenda moja na kijana mmoja. Usiku wa kwanza baba aliisoma risiti kama kadhi asomavyo wasia. Mhuri ulikuwa umegongwa nusu, jina la kampuni likakatikia herufi ya nne. Kiasi kiliandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na maneno yakazidi tarakimu kwa shilingi elfu kumi, kosa lililomtisha ingawa lilikuwa na faida kwake. Na pembeni juu, kwa wino mwekundu, palikuwa na namba 0002. Maana yake ni kwamba katika uhai wote wa kampuni hiyo alikuwa amewahi kupatikana mteja mwingine mmoja tu, ambaye haikujulikana kama alifika.

Faraja kidogo ilitoka kwenye karatasi ya matangazo, iliyopambwa kwa picha ya Daraja la Umoja, lile la mita 720 lililofunguliwa mwaka 2010 kuunganisha Tanzania na Msumbiji, mpaka mtoto wa darasa la sita alipoonyesha kwenye ramani kwamba daraja hilo liko mbali bara, Mtambaswala, na kwamba wao wangeuvuka mto Ruvuma karibu na mdomo wake, Kilambo, ambako hakuna daraja bali chombo na subira. Simu ya wakala ilipopigwa, sauti ya mashine ilijibu kwamba mteja hapatikani, na baba akabaki akijiuliza katika biashara hii mteja hasa ni nani.

Lililomkosesha usingizi zaidi ni kwamba kijana alikataa katakata kutaja saa ya kuondoka kwa mashua, akisema maji ndiyo yatakayoamua. Jambo hilo lilipofikishwa, kama ushahidi wa mwisho wa utapeli, kwa shangazi wa baba huko Palma, ambako familia ilipumzika siku mbili, bibi huyo aliendelea kukuna nazi na kusema, “Mwanangu, angekutajia saa mwezi mzima kabla, ningekwambia ukadai pesa yako.” Alikuwa na hoja. Mashua za Ibo hupakia Tandanhangue, bandari ndogo iliyo ndani ya mikoko, na hupita maji yakiwa yamejaa. Nayo kila siku hujaa kwa kuchelewa takriban dakika hamsini kuliko jana, mbali na tofauti ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapopanda kwa uvivu. Kampuni inayochapisha saa ileile ya safari kwa mwaka mzima ndiyo ya kuogopwa.

Jioni ya kuamkia safari, familia ikiwa imekwishafika Quissanga, mwendo mfupi tu kutoka Tandanhangue, ujumbe uliingia: “Boti 8. Msichelewe.” Baba, aliyehesabu saa kwa Kiswahili tangu azaliwe, alielewa saa nane mchana. Asubuhi ilitumika kwa chai ya taratibu na kwa kumsema wakala, na familia ikawasili saa nane kasoro robo, ikijisifu kwa kuwahi. Mbele yao palikuwa na tope, kaa na mashua iliyolala ubavu. Kijana alikuwa ameandika saa ya Kireno, ambayo ni saa mbili asubuhi, tena ya Msumbiji, iliyo nyuma ya Tanzania kwa saa nzima, kwa hiyo hata kule kuwahi kulikuwa kwa saa ya nchi nyingine.

Alikutwa chini ya mbuyu, ameshika mfuko wa mikate saba aliyoinunua alfajiri kwa ajili yao, imebaki mitatu. Aliwaamkia shikamoo kwanza, kisha, kwa sauti ya mtu aliyemlipa nahodha kutoka mfukoni mwake na kushinda akiamini kwamba ametapeliwa na watu wa Mtwara, aliomba kuiona risiti ili ahakikishe kwamba wao ndio wateja wenyewe. Aliikagua mbele na nyuma, akaurudia mhuri kwa muda mrefu.

Baba aliona hapo ndipo pa kuuliza yule wa namba 0001 alifikaje.

Kijana alijibu kwamba hiyo aliikata yeye mwenyewe, kuangalia kama kalamu inaandika.