Muthokoi wa Mheshimiwa

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, miji ya Wote na Kitui imejaa watu wenye kadi shingoni wanaoulizana kila saa saba mchana: tule wapi? Swali la ajabu. Nyuma ya soko kuna mama na sufuria yake ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na mbaazi. Unakula, unashiba hadi usiku, na chenji inabaki. Lakini mheshimiwa na benchi hawapatani. Yeye huenda hotelini kula muthokoi ule ule, uliopambwa kwa kijani cha dania na bei iliyoota mbawa. Kinachomnogea hasa ni risiti. Msimu wa kampeni ukifika, atapatikana kibandani, sahani mkononi, kamera tatu mbele, akiomba aongezewe mchuzi.