Sifa za Honi

Wanaoniona nimevaa helmeti asubuhi pale Kimara Mwisho, nimeshika usukani wa baiskeli yangu nyeusi ya Phoenix, huniuliza swali lilelile: "Huogopi?" Niogope nini, na mimi sijawahi kwenda mjini peke yangu? Kutoka Kimara hadi Kariakoo nasindikizwa. Wenye magari wanaingia Dar es Salaam kimya, vioo vimefungwa, kama watu wanaowahi mazishi. Mimi naingia kwa shangwe, mbele yangu honi, nyuma yangu honi, na ubavuni bajaji inayojaribu kuimba.

Zamani heshima hii ilikuwa ya wachache. Huko Pate na Lamu walikuwa na siwa, ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba, na ukienda leo jumba la makumbusho la Lamu utazikuta. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilipulizwa kwenye shughuli za watawala na harusi za waungwana, na mtu asiye na ukoo wa kutajwa aliisikia kwa mbali, akajua kuna mkubwa anapita. Haya, tazama tulipofika: mimi, ambaye babu yangu hakuwa jumbe wala liwali, napigiwa pembe mara hamsini kabla sijanywa chai.

Na honi si kelele, kama wanavyodhani waliokaa maofisini. Honi ina sarufi yake. Daladala likipiga moja fupi linasema, "Nipo nyuma yako." Zikiwa mbili fupi, zile si zako, ni za abiria aliyesimama kituoni anasitasita, ingawa mimi huzipokea vilevile kwa sababu salamu hairudishwi. Ndefu maana yake, "Mzee, barabara hii ina wenyewe." Ile isiyokatika kabisa, inayoanzia mbali na kuendelea kukua, tafsiri yake ni kwamba breki zimeomba likizo, na hapo msomi mzuri wa lugha hasubiri kiima wala kiarifu.

Lakini malkia wa honi zote utamkuta Ubungo, mahali malori yanayotoka bandarini kwa Barabara ya Mandela yanapoingia Barabara ya Morogoro kuitafuta Tunduma. Honi yao ni ya upepo. Huisikii kwa masikio, unaisikia kwa kiti cha baiskeli. Umo barabarani, mara umo mtaroni, na katikati yake hukumbuki uamuzi wowote uliopitisha. Wazee walipotaka kutufundisha jambo hili walihitaji maneno matatu: mwenye nguvu mpishe. Lori linalisema kwa irabu moja.

Utaniambia kuna njia ya baiskeli. Ipo, sikatai. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016, barabara hii ilikuwa imepata pembeni njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, na mimi nilikuwa wa kwanza kufurahi. Nazipitia bado, hasa siku nikiwa sina haraka na nataka kununua kitu. Pale Manzese nimekutana humo na viatu vya mtumba vilivyopangwa jozi kwa jozi, karai la mihogo linachemka, gari dogo limelala, kifusi cha mchanga, na bodaboda anayekuja kinyume akiwa na abiria wawili na godoro. Siwalaumu, kila mmoja anatafuta riziki. Tatizo la njia ile ni kwamba haina honi. Kule watu wanaambiana "pole", na mtu anayekwambia pole ameshakugonga. Ndiyo maana narudi barabara kubwa, mahali pa kuonywa kabla.

Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini wasiwasi wangu si kwamba honi itaharibika kwa sifa. Wasiwasi wangu ni wale wasiopiga.

Mwaka jana, karibu na Magomeni, gari moja la fahari lilinipita kimya kama paka. Kioo chake cha pembeni kikanipangusa kiwiko, nikayumba, madafu mawili niliyofunga kwenye keria yakaanguka na moja likapasuka. Baiskeli ina sifa moja ambayo gari la fahari halina: foleni haiijui. Nikamkuta bwana yule mita mia mbili mbele, amekwama nyuma ya basi. Akashusha kioo, baridi ya ndani ikanipiga usoni. Alikuwa mtu mstaarabu sana. "Samahani mzee wangu," akasema, simu bado inawaka mapajani, "sikukuona kabisa." Nami nimevaa fulana ya rangi ya chungwa, mwili wangu si mdogo. Makonda wa daladala wameniita kila jina lililomo katika Kiswahili na mengine ambayo kamusi bado haijayafikia, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia hakuniona.

Siku ile nikaamua na mimi niwe na honi. Kengele yangu, kring kring, inasikiwa na kuku tu. Nikanunua Kariakoo honi ya pikipiki, fundi akanifungia na betri chini ya kiti, akaijaribu mara moja, mbuzi wa jirani wakatawanyika.

Kesho yake, Shekilango, foleni imeshikana, nikabonyeza.

Sijui nieleze vipi. Daladala lililokuwa mbele yangu likajibana kushoto. Bajaji mbili zikaachana. Bodaboda akapanda ukingoni. Barabara ya Morogoro ikafunguka, nyeupe, pana, yangu. Konda akatoa nusu ya mwili mlangoni, akatazama mbali nyuma yangu kutafuta gari. Hakuliona. Akaendelea kushusha macho taratibu, hadi yakafika kwangu.

"Suka," akaita ndani, "kumbe ni baiskeli!"

Gari zima likacheka. Hata mimi nilicheka kidogo.

"Mzee," akaniuliza, kwa upole ambao sijapata kuusikia kwake, "honi hiyo umeazima kwa nani?"

Suka hakusubiri jibu. Akarudisha gari katikati, akanipigia yake, moja, ndefu, nami nikashuka mtaroni kama kawaida.