Jinsi ya Kuzindua Albamu Mbili Jukwaa Moja na Kesho Mkasalimiana

Anzeni na bango. Vikundi viwili vya taarabu vinaweza kuelewana juu ya ukumbi, tarehe na hata mgawo wa fedha za mlangoni, lakini si juu ya jina la nani litangulie. Msifuate alfabeti; atakayeangukia chini atasema alfabeti imepewa chochote. Andikeni majina kwa duara, yafukuzane, na mchoraji alipwe kabla upande mmoja haujamtembelea nyumbani.

Sare ni siri. Kila kikundi kiwe na fundi wake, maana fundi wa pamoja akiulizwa rangi ya wenzenu atacheka tu, na kicheko hicho kinatosha kuwarudisha dukani mkanunue kitambaa upya.

Mgeni rasmi hana budi awepo. Atachelewa, atasifu utamaduni wetu, ataahidi vyombo vipya. Pigeni makofi, ila ile fidla ya zamani msiitupe.

Kazi ipo kwenye kuamua nani apande mwisho, kwani anayefunga ndiye mwenye usiku. Rusheni shilingi mbele ya wazee wa pande zote, nayo itoke mfukoni mwa mtu asiye na ndugu jukwaani. Kwa Unguja, mtu huyo hutafutwa kwa tochi. Watakaoshindwa wataanza, na wataanza kwa kulipiza: mpiga kanuni ataomba muda kidogo akaze nyuzi. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70. Mwenye kinyongo na sikio zuri anaweza kuzipitia mojamoja hadi watoto walale mapajani mwa mama zao, ndipo bashraf ianze, nayo bashraf haina maneno wala haraka.

Watatokea watu wa heri kuwashauri mmalize uhasama kwanza. Msiwasikilize. Tangu Ikhwan Safaa iundwe Unguja mwaka 1905, taarabu imekula ikashiba kwa ushindani. Kule Tanga, waliotoka Black Star wakaunda Lucky Star, na mji ukapata la kuzungumza. Dar es Salaam ya miaka ya 1990, TOT na Muungano walipokuwa wakijibizana, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, nani alitaka kubaki nyumbani? Vikundi vinavyopendana mno huishia kuimba sifa za mawaridi. Patanisheni ratiba tu; mipasho iacheni itafutane yenyewe.

Sasa kutunza, ambako ndiko onesho lenyewe. Mtazameni yule mama wa safu ya tatu. Wimbo ukianza hanyanyuki. Anausubiri ubeti unaomhusu yeye, au unaomhusu mke mwenzie, kisha anainuka taratibu, noti kaibana kwa vidole viwili, anachagua njia ndefu ili apite mbele ya kiti alichokikusudia. Hapo anaipunga noti mara moja tu, kwa yule anayejijua. Ndipo anafika jukwaani na kuibandika kwenye paji la mwimbaji. Mwimbaji mwerevu huurudia ubeti uleule huku akitazama paa, kana kwamba hajui lolote. Wekeni mtu wa kukusanya, mwenye mfuko unaofungwa, na mifuko ya vikundi viwili isikae meza moja. Mshereheshaji akithubutu kumharakisha mama huyo njiani, mtafutieni usafiri wa kumrudisha kwao kabla umma haujamtafutia.

Albamu je? Ziwekeni mlangoni, pamoja na kijana asiyekasirika upesi. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi santuri, na watu wakazinunua. Wateja wenu wataishika diski, watasifu picha ya jalada, watamtafuta shangazi yao kwenye safu ya nyuma, watauliza kama nyimbo zipo mtandaoni, kisha wataomba warushiwe kwenye simu. Kijana ajibu kwamba ule wimbo wa majibizano umo kwenye diski peke yake. Na nyinyi mhakikishe umo.

Na wewe msomaji ukija, beba noti ndogondogo za kutosha pande zote mbili. Mshika mfuko hatoi chenji, na diski hawakopeshi.