Mheshimiwa Kiporo

Pilau ya jana haihitaji wakili. Kila mwenye njaa huisifu. Mimi namtetea yule mwingine, wa bakuli la nyuma kabisa kwenye friji, aliyefunikwa sahani. Kila anayefungua mlango humfunua, humnusa, humfunika tena, kisha hufunga polepole kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Huyo ndiye kiporo hasa.

Kwetu kijijini Susuni, kabla ya mradi wa umeme vijijini wa REA, kiporo hakikuwa na cheo. Ugali wa muhogo na ulezi uliolala ulichomwa kwenye makaa alfajiri, ukashushiwa maziwa mgando, na watoto wakaenda kuchunga. Hakuna aliyekijadili. Kisha tukaunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000, tukanunua friji kwa fedha ambazo zingeunganisha nyumba zaidi ya kumi, na kiporo kikapata makazi yenye ubaridi, mlango, na taa inayowaka kila kinapotembelewa. Mimi mwenyewe sijawahi kuwashiwa taa na wageni.

Tangu hapo kimekuwa na uwezo ambao hata mwenyekiti wa kitongoji anauonea wivu: kinaitisha watu. Wakurya tuna iritongo, mkutano wa hadhara ambapo jamii hukaa kujadili wizi wa ng'ombe na mambo mengine mazito. Vijana wa siku hizi kuwapata kwenye mkutano ni kazi. Lakini funua wali na maharage ya Jumapili siku ya Alhamisi, uone kama kuna atakayebaki chumbani. Mmoja anainua kijiko kuangalia kama maharage yanavuta nyuzi. Mwingine ananusa huku amefumba macho. Mjomba, aliyekua akila nyama kwa kichuri, ule mchuzi mchungu unaotoka tumboni mwa mnyama, anauliza tangu lini mtu aliyezoea kichuri akatishwa na maharage. Bibi anakata shauri kwa sentensi moja: "Mura, chemsha. Moto unaua kila kitu."

Samahani, Bibi, hapo kiporo kinakupinga. Bakteria aitwaye Bacillus cereus, mpenzi mkubwa wa wali, huacha vijimbegu visivyokufa hata sufuria ikitokota. Wali ukilala jikoni nje ya friji, vijimbegu huamka na kuzaana, na baadhi ya bakteria hao hutengeneza sumu ambayo moto wa kupashia hauiwezi. Waingereza walilifahamu jambo hilo katika miaka ya 1970 kupitia wali wa kukaanga wa migahawa ya Kichina, pishi ambalo hupendeza zaidi likipikwa kwa wali uliolala. Na anayefumba macho kunusa naye afumbue: wadudu wanaotoa harufu mara nyingi siyo wanaolaza mtu kitandani. Chakula kinaweza kunukia vizuri na bado kikakupeleka zahanati. Mahakama yetu yote imejengwa juu ya pua, na pua ni shahidi wa uongo.

Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, kihifadhiwe chini ya nyuzi 5, na kikipashwa moto kifike nyuzi 70. Wamarekani wanakipa kiporo cha friji siku 3 hadi 4. Hesabu nyepesi, mradi mtu akumbuke kilipikwa lini. Hapo ndipo kiporo kinapotufanya wanahistoria. "Ni siku ile LUKU iliisha." "Hapana, ni siku ya mechi ya kiporo ya Yanga." (Ndiyo, hata mechi iliyoahirishwa imepewa jina lake, na ubishi ni uleule.)

Friji nalo halisaidii. Umeme unakatika usiku, unarudi kabla ya jogoo, na asubuhi linanguruma kama ambaye hakutoka nyumbani. Nikafundishwa kugandisha kikombe cha maji na kuweka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu. Ukiikuta imezama, ujue umeme ulikatika muda mrefu, barafu ikayeyuka. Mara ya kwanza tuliikuta imezama. Mara ya pili hatukuikuta kabisa.

Basi Alhamisi ile baraza lilikaa mpaka saa tatu usiku. Nilisoma nyuzi zote za joto. Mjomba akarudia hoja ya kichuri. Hatimaye tukaafikiana kwa kauli moja kuahirisha, bakuli likarudi mahali pake na sahani yake juu.

Ijumaa asubuhi tulilikuta limeoshwa, limefudikizwa kwenye kichanja. Hakuna aliyekiri. Mjomba alikunywa chai kavu, akasema leo hana njaa, akavuta kiti karibu na mlango unaoelekea chooni, na sote tukakaa kimya tukimtazama.